Kushona dubu wa manyoya kwa mkono, bila kuishia na nguruwe

Dubu wangu wa kwanza nilimshona usiku wa kuamkia siku ambayo mtoto wa wifi yangu anatimiza miaka 4, hapa hapa Ngamiani, Tanga mjini, umeme umekatika natumia tochi ya simu, asubuhi nikamkalisha juu ya kochi najiona fundi kweli kweli. Mama mkwe akatoka chumbani, akamtazama, akarudi hatua moja nyuma. "Mwanangu, hii nguruwe imeingiaje humu ndani?" Jamani. Nyumba ilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Na nilipomwangalia vizuri nikaona mama hajakosea hata kidogo, pua bapa ya mviringo, masikio yamechongoka yameangukia mbele, na kitambaa chenyewe cha pinki.

Tangu siku hiyo nimeshona dubu ishirini na kitu, wengine nimewagawa, wengine wamenunuliwa, wawili nimewafumua nikaanza upya. Makosa karibu yote nimeshayafanya, kwa hiyo haya maelezo ni ya wewe usiyarudie. Cherehani huhitaji, dubu wa sentimita 30 anashonwa kwa mkono na mi naona kwa mkono ndo anatoka vizuri zaidi, maana kona za pua na masikio cherehani inazirukia tu. Mama zetu na bibi zetu huku pwani wameshona kofia kwa sindano miezi mizima, tundu moja moja, sasa dubu atatushinda vipi.

Kuna mtu ataniuliza dubu anatuhusu nini wakati porini kwetu hayupo. Kweli hayupo, tunamjua kwenye picha tu. Kisa chake ni hiki: Novemba 1902 rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikwenda kuwinda kule Mississippi, siku zikapita hajapata kitu, wenzake wakamkamata dubu wakamfunga kwenye mti wakamwambia haya piga, akakataa kumpiga mnyama aliyefungwa. Mchoraji katuni wa gazeti la Washington Post, Clifford Berryman, akaichora hiyo habari, halafu muuza duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, na mkewe Rose wakashona dubu wa kitambaa wakamwita Teddy, ndo jina la utani la huyo rais. Huruma yenyewe haikufika mbali lakini, maana mwaka 1909 mzee huyo huyo alishuka Mombasa hapo juu yetu akaanza safari ya kuwinda, yeye na mwanawe wakaua wanyama zaidi ya 500.

Ujerumani nako walikuwa wanatengeneza wa kwao karibu wakati ule ule. Huko kuna mama ninayempenda sana habari zake, Margarete Steiff wa mji wa Giengen, polio ilimpata utotoni akawa mtu wa kiti cha magurudumu, na mwaka 1880 alianza kwa kushona vitembo vidogo vya kuchomekea pini, watoto wakawa wanavichukua kuchezea ndo biashara ikaanzia hapo. Mpwa wake Richard ndo akachora dubu mwenye mikono na miguu inayozunguka, wakampeleka maonesho ya Leipzig 1903. Hapo Mjerumani yuko na huku kwetu Tanga na reli yake ya kupandia Usambara. Basi, tuingie kazini.

Kitambaa

Wenyewe wenye hobi hii huko nje wanatumia moheri, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora yaliyofumwa kwenye kitambaa, ni ghali na hapa mjini mi sijawahi kuiona. Sisi tuna mitumba. Mi huzunguka Tangamano asubuhi belo likifunguliwa, natafuta vitu vinne: blanketi la manyoya la mtoto, gauni la kuogea, jaketi lenye manyoya ndani, na foronya za kochi zile laini. Blanketi moja la mtoto linatoa dubu wawili mpaka watatu.

Ukishika kitambaa fanya majaribio mawili pale pale sokoni, usione haya. Kwanza kivute kwa pande zote, kikinyooka kama soksi kiache, dubu wako akijazwa atavimba sehemu asizotakiwa kuvimba, atatoka na tumbo la kando. Pili kigeuze uangalie nyuma, kama unaona mwanga unapita kati ya nyuzi basi mshono utafumuka ukianza kujaza. Manyoya mafupi, yasiyozidi sentimita moja, ndo rahisi kwa anayeanza, marefu yanaficha makosa ya mshono ni kweli lakini yanaficha na uso.

Rangi chagua kahawia, kijivu, maziwa, hata nyeusi. Pinki nishasema.

Ukifika nyumbani fua kwanza, maji ya moto, anika juani mpaka kikauke kabisa. Mtumba haujulikani umetoka wapi, na kama kitasinyaa bora kisinyae sasa kuliko kisinyae kikiwa tayari ni dubu.

Kwa viganja na nyayo mi natumia vipande vya kanga iliyochoka. Inapendeza na inamtambulisha dubu kwamba ni wa kwetu. Angalia tu unakata wapi, kuna mmoja nilimkatia nyayo kwenye jina la kanga, ilikuwa Wema Hauozi, mguu mmoja ukaandikwa HAUO na mwingine ukabaki na nusu ya W. Mteja alimpenda hivyo hivyo. Kanga ni nyepesi kwa hiyo ishone pamoja na kipande kingine kizito nyuma yake, usipofanya hivyo inachanika mapema.

Cha kujazia

Hapa ndo tuna bahati. Kuna pamba ya poliesta, ile nyeupe ya kwenye mito, unaweza kununua kwa kilo kwa watu wa magodoro au ukachana mto wa zamani. Halafu kuna sufi. Misufi tunayo huku, ukitoka kidogo tu nje ya mji kuelekea Pongwe na Muheza utaikuta, na magodoro na mito ya wazee wetu ilikuwa ni sufi tupu. Ulaya nako midoli mingi ya zamani imejazwa sufi hiyo hiyo, ilikuwa inavushwa bahari, sisi inaanguka tu uani inapeperuka.

Sufi ni nyepesi na laini ajabu, dubu wake unambeba kama hayupo. Ila ina masharti. Toa mbegu zote, moja baada ya nyingine, mbegu ikibaki panya atakuja kuitafuta na atamtoboa dubu wa watu tumbo. Funga kitambaa puani na mdomoni unapofanya kazi maana vile vinyuzi vinaruka, vinaingia puani, utapiga chafya mpaka jioni, na zima feni tafadhali, mi nilisahau siku moja sebule nzima ikawa kama imeota mvi. Sufi inashika moto upesi sana, kwa hiyo mbali na jiko la mkaa na mshumaa. Na haifuliki, ukiilowesha inagandana mabonge. Kwa dubu wa mtoto mdogo anayemwaga uji kila mahali jaza poliesta. Kwa dubu wa kukaa kabatini, au wa mtu mzima, jaza sufi.

Mi siku hizi nachanganya, kichwa na pua poliesta kwa sababu inashikamana na inakaza, tumbo sufi.

Sponji ya kukatakata usitumie, inaonekana madonge madonge kwa nje na ikikaa inasagika unga.

Vifaa vingine

Sindano za kawaida, uzi wa rangi ya kitambaa, uzi wa nailoni ule wa mafundi viatu, shazia moja ndefu ya kushonea magunia, pini, mkasi wenye ncha kali, subana ya kidole usipoizoea utajuta, penseli na boksi la kukatia pateni (vipande vya kufuatishia kwenye kitambaa), kijiti cha kujazia (mi natumia mpini wa mwiko mwembamba na kijiti cha mishikaki kwa sehemu ndogo), uzi mweusi wa kudarizia pua, mswaki wa zamani. Vifungo vinne vya shati na viwili vyeusi kwa macho, kama dubu si wa mtoto mdogo, ntaeleza mbele.

Hatua ya 1: pateni

Chora kwenye boksi gumu, boksi la biskuti linafaa. Kwa dubu wa sentimita 30 vipimo vyangu ni hivi, na humu nafasi ya mshono nusu sentimita imeshaingia.

Upande wa kichwa, sentimita 11 kutoka ncha ya pua mpaka kisogoni na 9 kwenda juu, unachora kama uso wa mtu anayetazama pembeni, pua imechomoza, paji limepanda, kisogo kimeshuka mpaka shingoni. Utakata viwili. Kisha kipande cha utosi, ndo hiki kinachoanzia puani kikapita kati ya macho, utosini, kikaishia kisogoni. Urefu wake kama 20, puani upana sentimita 2 na nusu, kati ya masikio 6, kisogoni kinabana mpaka 2. Masikio manne nusu duara, upana 5. Mwili viwili, umbo la parachichi, urefu 14 na upana 10 chini. Mikono vinne, 13 kwa 5. Miguu vinne, urefu 13, paja 5, na unyayo unatokeza mbele mpaka 7. Nyayo mbili za yai, 6 na nusu kwa 4 na nusu. Jumla vipande 19.

Sasa kile kipande cha utosi ndo kila kitu, naomba usikipitie haraka. Chukua uzi, uulaze juu ya ukingo wa upande wa kichwa kuanzia ncha ya pua mpaka kisogo ukifuata kona zote, ukate. Huo uzi uupime na ukingo wa kipande cha utosi. Lazima vilingane, kukiwa na tofauti zaidi ya nusu sentimita rekebisha boksi kabla hujagusa kitambaa. Na ule upana wa puani usizidi 2 na nusu. Mi yule wa kwanza niliukata 5 nikidhani dubu atakuwa na sura pana ya kupendeza, ndo nikapata ile pua ya yule mwingine.

Hatua ya 2: kukata

Pitisha mkono juu ya kitambaa. Upande manyoya yanapolala laini ndo yanakoelekea. Kwenye kila kipande chora mshale, na mshale uelekee chini, kutoka kichwani kwenda miguuni, kwa vipande vya kichwa uelekee kutoka puani kwenda nyuma. Ukichanganya, dubu anakuwa na mkono mmoja unang'aa na mwingine umefifia kama wametoka familia mbili.

Chora upande wa nyuma wa kitambaa, kwa kipande cha sabuni kilichoisha au chaki. Ukishachora kimoja GEUZA boksi ndo uchore cha pili. Hapa wengi tunaanguka. Nilishakata miguu minne yote ya kushoto, blanketi limeisha, na mtumba haurudii, ukirudi sokoni kesho hulikuti lenzake.

Mkasi uingize ncha tu, ukate kile kitambaa cha chini bila kukata manyoya. Ukikata pwaaa kama unakata kitenge manyoya ya pembeni yanakatika, mshono unaonekana kama njia katikati ya majani. Kata nje barazani au juu ya karai maana manyoya yatatapakaa.

Hatua ya 3: kushona vipande

Weka vipande uso kwa uso, manyoya yote yakae ndani, bana kwa pini, na kwa kutumia sindano yasukume ndani manyoya yanayochungulia ukingoni. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya kushikilia tu, najua ni uvivu lakini kitambaa cha manyoya kinateleza, pini peke yake haziwezi. Halafu shona kwa uzi wa mara mbili, mshono ule wa kurudi nyuma, yaani kila ukitoka mbele unarudi nyuma nusu ya hatua ndo unaendelea, na hatua iwe ndogo, milimita 3. Mshono wa kwenda mbele tu utaachia siku ya kujaza.

Mikono na miguu shona kuzunguka, acha uwazi wa sentimita 4 nyuma ya mguu na nyuma ya mkono. Mguu usishone chini, pale ndo unaingia unyayo wa kanga, anza kuubana mbele kwenye vidole na nyuma kwenye kisigino, kisha kushoto na kulia, ndo uzungushe. Kile kiganja cha mkono mi nakibandika juu kwa mshono mdogo kabla sijaunganisha mkono. Masikio ni mepesi, shona ile duara, acha wazi ule upande ulionyooka.

Mwili ukiuacha vipande viwili hivi hivi unakuwa bapa kama andazi lililogoma kuumuka. Bana kipembetatu kidogo pale chini ya kila kipande, kama fundi anavyobana kiuno cha blauzi, dubu anapata makalio na anaweza kukaa mwenyewe. Acha uwazi mgongoni sentimita 6.

Kichwa sasa. Unganisha vile viwili vya pembeni kuanzia ncha ya pua kushuka kidevuni mpaka shingoni, basi, simama hapo. Chukua kipande cha utosi, tafuta katikati ya ule upande mwembamba wa puani, ukalishe juu kabisa ya mshono wa pua, bana pini. Kutoka hapo shona upande mmoja mpaka kisogoni. Kata uzi. Rudi TENA puani ushone upande wa pili mpaka kisogoni. Usizunguke moja kwa moja ukaja kumalizia puani, kitambaa kinavutika njiani na pua itakwenda upande, dubu atakuwa kama anamnong'oneza mtu.

Shingo unaiacha wazi.

Hatua ya 4: kujaza

Geuza vyote. Watu wengi wanajaza kama wanajaza mto, wanasukuma bonge zima, na ndo maana midoli ya kushona nyumbani mingi inakuwa na shingo inayolala. Chukua kidogo, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, anza puani kabisa, sukuma kwa kijiti, ongeza, sukuma. Pua iwe ngumu kama embe bichi. Ukibonyeza kwa kidole gumba ikaingia, bado. Kichwa peke yake mi kinanichukua nusu saa na kinakula pamba nyingi kuliko unavyofikiri. Kadri unavyojaza kiangalie kwa mbele na kwa pembeni, shavu moja likizidi, upande wa pili uongeze.

Nyayo na viganja kaza, juu karibu na bega na paja acha laini kidogo ili viweze kukunjika. Tumbo wastani. Mimi kwenye makalio huwa naweka kijifuko cha kitambaa chenye mchele kidogo kwa dubu wa watu wazima, anakaa vizuri ana uzito wa kushikika, ila mchele ukae siku mbili juani kwanza, wadudu. Kwa mtoto usiweke.

Funga uwazi kwa mshono wa kujificha: kunja kingo ndani, sindano iingie kwenye mkunjo wa upande mmoja itembee ndani milimita 4 itoke, ivuke upande wa pili iingie sawa na ilipotokea, itembee ndani tena. Ukishapiga hatua tano sita vuta uzi, kingo zinakutana zenyewe na uzi hauonekani. Inapendeza kuiona ikitokea, mi mpaka leo huwa naita watoto waje waangalie.

Hatua ya 5: kuunganisha

Kichwa kikalishe juu ya mwili, bana kwa pini nyingi, shona kuzunguka shingo mara mbili kwa nailoni. Kabla hujakaza kigeuze kidogo pembeni, kama ananyanyua shingo kusikiliza, anakuwa na uhai zaidi kuliko akitazama mbele kama picha ya kitambulisho.

Mikono na miguu, dubu wa dukani wale wa kizamani wana viduara vya mbao nyembamba ndani na pini ya chuma ya kukunja. Njia yetu ni vifungo. Tia nailoni mara mbili kwenye shazia, choma chini ya kwapa la kushoto itokee kulia, ipite mkono wa kulia wote, iingie tundu moja la kifungo, irudi tundu la pili, irudi mkono, mwili, itokee kushoto, mkono wa kushoto, kifungo, irudi. Fanya hivyo mara tatu. Halafu vuta kwa nguvu mpaka uone mwili umeingia kidogo pale kwapani, funga fundo kati ya mkono na mwili, mkia wa uzi uuzamishe ndani. Ukivuta kidogo kidogo tu kwa kumwonea huruma, baada ya wiki mkono unaning'inia. Miguu vile vile, na kabla hujakaza mkalishe mezani uone anakaa au anapinduka.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 vifungo HAPANA, si vya mikono wala vya macho. Mtoto anatafuna, anang'oa, anameza, inamkwama kooni. Mikono ishone moja kwa moja mwilini kuzunguka, macho yadarizi kwa uzi. Na hata kwa mtoto mkubwa, ukimaliza vuta kila jicho kwa nguvu zako zote, kama litang'oka bora likung'okee wewe.

Hatua ya 6: uso

Lala kwanza. Sifanyi utani, uso usiufanye usiku umechoka.

Asubuhi chukua pini zenye kichwa cheusi, chomeka mbili mahali unapodhani macho yatakaa, halafu piga picha kwa simu. Picha inasema ukweli kuliko macho yako, kwa sababu umeshamzoea. Sogeza, piga tena. Macho yakiwa chini, karibu na pua, na yametengana kidogo, anakuwa mtoto. Yakipanda juu kwenye paji anakuwa mzee mwenye mashaka. Mahali pazuri pa kuanzia ni pale pua inapoanza kupanda kuwa paji, juu ya mshono wenyewe wa utosi.

Kushona jicho usishone juu juu. Sindano ndefu iingie pale jicho linapokaa, itokee nyuma ya kichwa chini shingoni, irudi, na uvute ili jicho lizame ndani kidogo. Kile kishimo ndo kinampa sura. Jicho lililokaa juu ya manyoya linaonekana limebandikwa.

Masikio sasa, na hapa ndo nguruwe anapoachana na dubu. Sikio la dubu ni duara, limesimama, limekunjwa kidogo kuelekea mbele kama kijiko, na limekaa pembeni mwa kichwa, nusu juu ya mshono wa utosi na nusu chini yake. Libane kwa pini nne, pinda liwe upinde, lishone mbele na nyuma. Lisichongoke na lisilale.

Pua, punguza kwanza manyoya ya kuizunguka kwa mkasi mdogo, kidogo kidogo, hayaoti tena hayo. Halafu darizi pembetatu iliyogeuzwa, upana juu ncha chini, nyuzi zilale sambamba zikibanana, kama huna mkono mzuri kata pembetatu ya kitambaa cheusi kizito uidarizi juu yake. Kutoka ncha ya chini shusha uzi mmoja sentimita moja, kisha mistari miwili kwenda kushoto na kulia, kama herufi Y imesimama kichwa chini. Ukiipandisha miisho kidogo anacheka, ukiishusha ananuna. Pua ya duara na vitundu viwili usithubutu.

Ukimaliza chukua mswaki, pitia mishono yote uchomoe manyoya yaliyoshonewa ndani. Dakika kumi tu lakini mishono inapotea kabisa, ndo watu wanakuuliza umenunua wapi.

Dubu wangu wa pili mama mkwe alimshika akamgeuza geuza. "Huyu sasa ni mbwa?" Nikasema mama, tunasogea. Wa tatu hakuuliza kitu, alimchukua akamweka juu ya kabati lake na watoto wamekatazwa kumgusa.

Kumtunza

Tanga unyevu tunaujua, masika ikiingia hata viatu vinaota ukungu. Usimfungie kwenye mfuko wa nailoni, atatoka na harufu na madoa. Mweke mahali pa wazi, mara moja kwa wiki mbili mtoe upepo wa asubuhi dakika chache, jua la mchana linampausha. Wa sufi mfute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa sana. Wa poliesta unaweza kumfua kwa mkono, maji ya vuguvugu, umkamue kwa kumbana ndani ya taulo bila kumsokota, halafu mlaze juu ya ungo kivulini umgeuze geuze mpaka ndani pakauke, siku mbili hivi. Usimwanike kwenye kamba kwa kumbana masikio, maji yanashuka yanayavuta, yanarefuka yanalala mbele, na hapo ndo utasikia mtu anakuuliza ile nguruwe ya nani.